Asiyehisi Kisu, Dawa ya Usingizi ya Nini?



Wiki hii tunaandika juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea, na kosa hilo nusura limuue kijana wa watu.

Kijana huyo ni wa mtaani kwetu. Kazi yake ilikuwa kukwea minazi, kuangua nazi na madafu, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Asubuhi moja baada ya mvua aliteleza akiwa juu, akaanguka na kupiga mgongo chini, baina ya mabega. Hakufa, alhamdulillahi, na mikono yake ilibaki mizima. Lakini tangu siku hiyo, kuanzia kwenye chuchu za kifua hadi vidole vya miguu, hahisi moto wala baridi, na mkojo wake hutoka kwa mpira. Baada ya mwaka na zaidi, kidonda cha kulalia kikamtokea kwenye kifandugu. Kikachimba hadi mfupa ukakaribia kuonekana. Madaktari wakasema lazima aingizwe chumba cha upasuaji, nyama iliyokufa ikatwe na mahali pale pafunikwe kwa nyama hai, na kwamba atapewa nusukaputi.

Jioni ile mama yake alikuja barazani kwetu. Akasema: "Sheikh, mwanangu hata akichomwa sindano ya mguu hana habari. Huo usingizi wa nini? Mimi naogopa asije akalala asiamke. Na gharama yake pia tunaijua."

Tulimjibu kwa uhakika wa mtu asiyejua. Tulimwambia kwamba dawa hupewa mwenye haja nayo, na asiyehisi maumivu hana haja ya dawa ya kuyaondoa. Aende akawaambie wamkate hivyo hivyo. Jibu lilionekana kuwa la busara, na mama akaondoka ametulia.

Siku mbili baadaye tulikuwa wodini kumjulia hali wakati kidonda kikisafishwa na ncha za nyama iliyokufa zikipunguzwa kidogo, bila ya dawa yoyote, kwa kuwa familia ilikuwa imeshikilia neno letu. Hazikupita dakika tano. Jasho likaanza kumtiririka usoni na shingoni kama mtu aliyetoka kuoga. Nywele za mikono zikamsimama. Akashika kichwa kwa mikono miwili akasema kinapasuka, macho hayaoni vizuri. Tulimshika mguu, ulikuwa mkavu na baridi kama jiwe la kisimani. Muuguzi akafunga kipimo cha presha mkononi, akatazama, akapaza sauti kazi isimame. Presha ya juu ya kijana huyu, ambayo kwa kawaida yake haifiki 100, ilikuwa imekaribia 200. Wakamkalisha wima, miguu ikaning'inizwa, mpira wa mkojo ukakaguliwa, na polepole ikashuka.

Aliyekuja kutueleza alikuwa mtaalamu wa usingizi mwenyewe, mama wa makamo, mpole wa maneno. Hakutulaumu. Alisema tu: "Sheikh, yeye hahisi. Mwili wake unahisi."

Maelezo aliyotupa siku hiyo, na tuliyojifunza baadaye kwa kuuliza na kusoma, ndiyo tunayowaletea hapa.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha mifupa iliyoungana hadi kifandugu. Katikati ya pingili hizo mna tundu, na ndani ya tundu hilo hupita ugwe wa mgongo, yaani nyuzi za fahamu zilizokusanyika pamoja, laini, zisizozidi sana unene wa kidole kidogo. Kazi mbili za ugwe huo tunazijua sote: kupandisha habari za maumivu na mguso hadi kwenye ubongo, na kuteremsha amri ya kutembea na kushika. Ipo kazi ya tatu ambayo wengi wetu hatuifikirii, nayo ni kusimamia yale ambayo hatuyaamrishi: kubana na kulegeza mishipa ya damu, mwendo wa moyo, jasho, kibofu na matumbo.

Ugwe ukikatika, sehemu iliyo chini ya mkato haifi. Inaendelea kuishi, ila inaishi kama chombo kisicho na nahodha. Kisu kikigusa kidonda, habari hupanda na kukwama pale palipokatika, hivyo mgonjwa hana maumivu. Lakini njiani habari hiyo imekwisha kuamsha nyuzi za huko huko chini, nazo hubana mishipa ya damu ya tumbo na ya miguu kwa nguvu. Damu husukumwa juu. Ubongo huona shinikizo linapanda, hutuma amri mishipa ilegee, na amri haipiti. Unaloweza ubongo ni kupunguza mapigo ya moyo na kufungua mishipa ya uso na kichwa, na ndiyo sababu uso huwaka na kutoa jasho ilhali miguu ni baridi. Shinikizo likiachwa hivyo, mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Wapo waliopata kiharusi kwa njia hiyo, wapo walioshikwa na degedege, na wapo waliokufa.

Hali hii huwapata hasa walioumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu. Kwa alama anayoweza kuiona mama nyumbani, ni yule ambaye hisi yake inakoma kwenye chembe cha moyo au juu yake. Kijana wetu hisi yake inakoma kwenye chuchu. Alikuwa ndani ya hatari tangu mwanzo, nasi tulikuwa tukitoa fatwa ya dawa.

Basi dawa ya usingizi kwa mtu kama huyu hupewa ili ujumbe wa kisu usiamshe tufani hiyo. Hata usingizi wenyewe lazima uwe wa kina cha kutosha; ukiwa mwepesi, mwili huruka vile vile. Wakati mwingine mtaalamu huchagua ganzi ya kuchomwa mgongoni, ambayo huzima ujumbe huko huko chini, na huweka karibu dawa ya mshipani ya kushusha presha kwa haraka. Na wapo walioumia chini kabisa, kiunoni, ambao kazi ndogo huweza kufanywa kwao bila ya usingizi, mtaalamu akiwa amekaa pembeni na kipimo chake. Uamuzi huo ni wake yeye. Si wa imamu wa msikiti.

Hayo ni ya aliyeumia zamani. Aliyeumia leo ana shida nyingine, na karibu ni kinyume cha ile ya kwanza.

Mtu akianguka mnazini, au akigongwa akiwa kwenye bodaboda, au kijana akichupa kichwa mbele penye maji haba wakati wa maji kupwa, ugwe ukiumia juu, mishipa ya damu hupoteza msimamizi wake ghafla. Hulegea yote. Presha huanguka, na moyo, badala ya kwenda mbio kama kwa mtu anayevuja damu, huenda polepole. Ngozi huwa ya joto na kavu. Watu wa pembeni humwona ametulia wakadhani ni nafuu. Na ikiwa pigo liko juu ya shingoni, pumzi nayo iko hatarini, kwa kuwa neva za kuendesha kiwambo cha kupumulia hutoka kwenye shingo, baina ya pingili ya 3 na ya 5.

Mtu wa namna hii akihitaji kupasuliwa, dawa ya usingizi inayopita mshipani hufika kwenye ubongo chini ya dakika moja, na nyingi katika dawa hizo, pamoja na kulaza, hulegeza mishipa na kushusha presha. Kwa mtu mzima, mwili hujirekebisha. Kwa aliyekatika ugwe, wa kujirekebisha hayupo. Na ugwe uliopondeka unahitaji damu ya kutosha ili kilichosalia kisife. Kila presha inaposhuka, jeraha huongezeka. Kwa miaka mingi miongozo ya wapasuaji imetaka wastani wa shinikizo la damu la mgonjwa wa namna hii ushikwe baina ya 85 na 90 kwa wiki nzima ya mwanzo. Kwa hiyo mnapomwona mtaalamu wa usingizi anachelewa, anaongeza dripu, anapima tena na tena na kutia dawa kidogo kidogo, msimharakishe.

Dawa zenyewe wasomaji wetu wamezoea kuziogopa bila ya kuzijua. Thiopentoni ilianza kutumika Marekani mwaka 1934, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikilaza wagonjwa duniani. Leo inayotumika zaidi ni propofoli, ile nyeupe kama maziwa. Ilivumbuliwa Uingereza chini ya uongozi wa John Baird Glen, ambaye kwa elimu yake alikuwa daktari wa mifugo, na ikaanza kutumika mahospitalini mwaka 1986. Weupe wake unatokana na mafuta ya soya na utomvu wa kiini cha yai, ambavyo hushika dawa isijitenge na maji. Bibi mmoja alitupigia simu kwa hasira kuuliza kwa nini mjukuu wake ametiwa maziwa mshipani. Basi jibu ni hilo. Propofoli hulaza vizuri na mgonjwa huamka akiwa mwepesi, lakini ni mjuzi wa kushusha presha, na ndiyo maana kwa aliyeumia leo hutumiwa kwa uangalifu mkubwa na kwa kipimo kidogo.

Ya pili ni ketamini. Hii ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na ikaruhusiwa huko mwaka 1970. Ina tabia ya peke yake: aghalabu haishushi presha wala haikati pumzi, na humwondolea mtu maumivu huku macho yake pengine yamefumbuka. Edward Domino, mmoja wa waliowapa watu dawa hiyo mara ya kwanza, alihangaika kutafuta jina la usingizi huu wa ajabu, na ni mkewe, Toni, aliyempa neno lililobaki hadi leo kwenye vitabu vya tiba, lenye maana ya kutenganishwa: mtu yuko hapa na hayuko. Katika bara letu dawa hii imeokoa wengi, hasa mahali ambapo vifaa ni haba, na kwa majeruhi aliyeshuka presha mara nyingi huwa ndiyo ya kwanza kufikiriwa, ingawa kwa aliyedhoofika mno hata hiyo inaweza kumwelemea.

Hapa tuna neno la pembeni, na ni letu kama walimu wa dini. Anayeamka kutoka kwenye ketamini huweza kuona na kusema mambo yasiyokuwepo. Hulia, huita watu waliokufa, husema anaruka. Tumeitwa zaidi ya mara moja kwenda kumsomea mgonjwa ambaye jamaa zake wameshaamua kwamba amepandwa na jini ndani ya chumba cha upasuaji. Ni dawa inayoisha. Mwacheni mahali pa kimya, taa isiwe kali, mama yake amshike mkono na amsemeze polepole. Qur'ani msomeeni, ni kheri wakati wote. Lakini msimpige, msimfukize ubani puani, na kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumia shingo msimtikise.

Na tukitaja shingo: anayeanguka asiinuliwe kwa mikono na miguu kama gunia, asipakiwe bodaboda katikati ya watu wawili. Kichwa, shingo na kiwiliwili viende pamoja kama gogo moja, juu ya ubao au mlango uliong'olewa, mtu mmoja akishika kichwa kisigeuke. Ndani ya hospitali ni vivyo hivyo. Baada ya dawa kumlaza, mtaalamu hutia mrija kooni ili apumue, na kwa desturi kazi hiyo hufanywa kwa kukunjua shingo nyuma. Kwa huyu haiwezekani, basi mwenzake hukamata kichwa kwa mikono miwili kisisogee, na mrija hupitishwa hivyo hivyo kwa taabu. Safari iliyoanza vibaya mnazini haiwezi kutengenezwa pale.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa rai yetu, ndilo zito kuliko yote, nalo ni tarehe.

Mtaalamu wa usingizi atawauliza: "Aliumia lini?" Watu wetu hulichukulia swali hili kama la polisi. Kwa muda gani tulimweka nyumbani? Kwa nani tulimpeleka kwanza? Tunajua yanayotendeka mitaani. Kijana huanguka Jumamosi, hupelekwa kwa mchuaji, huchuliwa kwa mafuta siku nne, hufungwa vijiti, na mambo yakiharibika hupelekwa hospitali siku ya tano. Pale mlangoni, kwa haya, jamaa husema ameanguka jana.

Uongo huo mdogo unaweza kuua. Ipo dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoni, ambayo hutiwa mshipani mara tu baada ya dawa ya usingizi ili mrija upite kooni kwa haraka. Ni nzuri kwa sababu hufanya kazi chini ya dakika moja na kuisha baada ya dakika chache. Katika siku ya kwanza ya ajali hakuna tatizo. Lakini misuli iliyokatiwa mawasiliano na ubongo huanza kubadilika: ile milango midogo inayopokea amri, ambayo kwa kawaida iko mahali pamoja tu kwenye msuli, huchipuka kote. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, suksamethoni ikiingia, milango yote hufunguka kwa pamoja na potasiamu iliyomo ndani ya misuli hummiminikia mgonjwa kwenye damu. Potasiamu ikizidi ghafla, moyo husimama. Hatari hiyo huendelea kwa miezi mingi. Ipo dawa nyingine ya kutumia mahali pake, rokuroniamu, na kila mtaalamu anajua kuichagua, maadamu ameambiwa ukweli. Aliyeambiwa "jana" huku ni siku ya tano atachagua kwa hesabu ya jana.

Kwa hiyo, mama, mchuaji mliyempelekea semeni mlimpelekea. Hakuna atakayewafunga. Semeni na mafuta aliyopakwa, mizizi aliyonyweshwa, vidonge vya presha au vya sukari anavyotumia, na kama ni mlaji wa miraa. Semeni pia saa aliyokula mwisho. Kwa kazi iliyopangwa, mgonjwa hutakiwa asile kwa saa 6 na asinywe hata maji kwa saa 2, ili tumbo lisirudishe chakula mapafuni akiwa usingizini. Na kwa aliyeumia uti wa mgongo matumbo huzubaa, hivyo chakula hukaa zaidi ya hesabu hiyo. Katika Ramadhani watu hujibu "amefunga" wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Alikula daku saa ngapi? Aliyekula daku saa kumi alfajiri akaanguka saa kumi na moja tumbo lake limejaa, na kuumia kwenyewe hulizuia chakula kisiteremke.

Katika ibada tunaulizwa mara nyingi, basi tujibu kwa ufupi. Dawa hizi wanazuoni wa zama zetu wameziruhusu kwa haja ya tiba, wala hazihesabiwi kuwa ulevi. Saumu ya mgonjwa ina ruhusa yake, naye atalipa akipona. Asiahirishe upasuaji wa kuokoa ugwe kwa ajili ya magharibi. Kama wakati unaruhusu, aswali kabla ya kuingizwa, kwa namna anayoiweza, hata kwa ishara ya macho. Zilizompita akiwa usingizini, tunavyofundisha sisi, azilipe akizinduka.

Upasuaji wa mgongo wenyewe nao una ajabu zake. Anapofungwa vyuma kwenye pingili, mpasuaji hutaka kujua wakati ule ule kama ugwe unaumia. Mwaka 1973 madaktari wa Ufaransa walieleza njia ya kumwamsha mgonjwa katikati ya kazi, mgongo ukiwa wazi, wakamwambia asogeze miguu, akaisogeza, kisha wakamlaza tena. Akiamka baadaye aghalabu hakumbuki. Siku hizi, penye vifaa, nyaya ndogo hupimia ishara zinazopita kwenye ugwe muda wote wa kazi. Na hapo ndipo dawa za mshipani zinapokuwa na fadhila: mvuke wa usingizi unaovutwa puani hufifiza ishara hizo, ilhali propofoli inayotiririshwa kwa pampu pamoja na dawa kali ya maumivu huziacha zisomeke vizuri zaidi.

Tusimalize bila ya kuwasemea wanawake walioumia. Ipo dhana mitaani kwamba mwanamke aliyekatika uti hazai, na tumeshuhudia ndoa zikivunjwa kwa dhana hiyo. Kwa kawaida uzazi wake haukatiki. Hedhi ikisharudi anaweza kushika mimba kama mwingine. Linalobadilika ni uchungu. Aliyeumia juu huenda asiuhisi kabisa, akadhani bado, kumbe mtoto yuko njiani. Na kila mfuko wa uzazi unapobana, tufani ile ile tuliyoieleza inaweza kuinuka: kichwa kinauma, jasho usoni, presha juu. Asiyemjua atasema ni kifafa cha mimba. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza apewe ganzi ya mgongoni mapema, ingawa hana uchungu anaoulalamikia. Wakunga, na mama wakwe, msiseme anadeka. Mwenye mimba wa namna hii ahudhurie kliniki mapema, na aonane na mtaalamu wa usingizi kabla ya miezi kutimia, wala asijifungulie nyumbani.

Na kwa anayeuguza nyumbani, tufani hiyo haingoji kisu. Kibofu kilichojaa kwa sababu mpira umejikunja, choo kigumu, ukucha ulioota ndani ya nyama, hata mshipi uliobana, vyote huweza kuiamsha. Mkimwona ameshikwa na kichwa ghafla na jasho usoni, msimlaze, kwa kuwa kulala huipandisha zaidi. Mkalisheni wima, miguu ishuke, legezeni nguo, nyoosheni mpira wa mkojo na mtazame kama unapita. Isiposhuka, hospitali, na njiani akae wima vile vile. Mwambieni kila atakayempokea kwamba presha yake ya kawaida ni ya chini, kwa sababu kipimo cha 140 ambacho kwa mwingine si cha kushtusha, kwa huyu kinaweza kuwa kimekwisha kupanda sana.

Kijana wetu alipasuliwa wiki mbili baada ya ile siku ya wodini. Mama yake aliweka sahihi mwenyewe. Sisi tulikwenda kumwomba radhi kabla hajaweka. Alilazwa kwa dawa ya mshipani, kidogo kidogo, na ile mama wa usingizi hakuondoka kichwani pake hata mara moja. Alipoamka aliomba chai. Sasa anashona nyavu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na bei yake, kwa wanaotaka kujua, si rahisi.

Mwaka huu alirudi hospitali kwa jiwe la kibofu. Mtaalamu safari hii alikuwa mwingine, kijana, na alianza kwa kuuliza aliumia lini. Mama akafungua mkoba, akatoa daftari dogo la shule lililofungwa kwa uzi. Akasoma tarehe ya kuanguka. Akasoma mahali hisi inapokoma, presha yake ya kila siku, dawa aliyopewa mara ya mwisho, na ile ambayo hatakiwi kupewa, jina lake ameliandika kwa herufi za Kiarabu ili asilikosee kulitamka.